Geji Haipimi Gesi

Kwenye karakana za friji na viyoyozi, swali linalorudi kila siku ni "umeweka gesi ya ngapi?" Jibu huwa namba ya geji: sitini, sabini, mia na ishirini. Namba hiyo ni ya presha, lakini anayeitaja huamini ametaja kiasi. Mhandisi aliyetoka chuoni na sheria zote za termodinamiki kichwani, na fundi aliyejifunza kwa kumshikia spana fundi mwingine, hukutana kwenye kosa hilihili. Wa kwanza alifundishwa mlinganyo wa gesi bila kuambiwa unakoma wapi. Wa pili alirithi namba za enzi ya R22, gesi ya zamani ya viyoyozi, na kwa miaka mingi zilimfaa.

Mtungi wa gesi ya kupikia unaonyesha jambo lenyewe. Ndani yake kuna majimaji chini na mvuke juu. Maadamu majimaji yamebaki, presha hufuata halijoto ya mtungi, si uzito wa kilichomo: mtungi wa kilo 6 uliojaa na uliobaki robo husoma karibu sawa ukiwa kivulini saa ileile. Mama lishe hana haja ya geji. Anaunyanyua au anautikisa. Akiwasha moto mkubwa kwa muda mrefu, mtungi hupoa na kutoka jasho hadi usawa wa majimaji yaliyobaki, kwa sababu majimaji yanapogeuka mvuke hudai joto, na la karibu ni la chuma chenyewe na hewa inayokizunguka. Friji hufanya kazi hiyohiyo, ila mvuke wake haupotei. Hurudishwa kuwa majimaji na kuzungushwa tena.

Hali hiyo ya majimaji na mvuke kukaa pamoja huitwa hali ya kushiba. Ndani yake presha na halijoto zimefungamana: ukijua moja umeijua nyingine. Maji kwenye usawa wa bahari, kwa presha ya kilopaskali 101.3, huchemka nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, huchemka nyuzi 94 hivi, na maharage ya huko yanalijua hilo. R134a, gesi ya friji nyingi za nyumbani na AC za magari, ikiachwa wazi pwani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa presha ya baa 2.93 (baa moja ni kilopaskali 100) huchemka nyuzi 0, kwa baa 10.2 nyuzi 40, kwa baa 13.2 nyuzi 50. Jedwali la namba hizi siku hizi linakaa kwenye simu, na fundi asiyelifungua anafanya kazi kwa kubahatisha hata kama geji yake ni ya bei mbaya.

Kwa hiyo geji inapokaa kwenye mashine inayofanya kazi, inachosoma hasa ni halijoto ya kuchemkia upande wa presha ya chini, kwenye evaporeta, yaani koili inayonyonya joto, na halijoto ya kugeukia majimaji upande wa presha ya juu, kwenye kondensa, yaani koili inayotupa joto nje. Kiasi cha gesi kinapimwa kwa mizani, au kinakisiwa kwa njia nyingine mbili nitakazozifikia.

Namba za presha nilizotaja juu ni za presha kamili, yaani zinazohesabiwa kutoka utupu. Geji husoma tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Sindano ikilala sifuri, ndani bado kuna baa 1.01 ukiwa Tanga, na kama baa 0.82 ukiwa Nairobi. Friza ya R134a yenye evaporeta ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina baa 1.33 kamili, geji ya Mombasa itasoma 0.31, ya Nairobi itasoma 0.5. Fundi aliyezoea pwani akipanda bara na kulazimisha sindano irudi kwenye 0.31 yake, ndani atakuwa na baa 1.13, na evaporeta itakuwa imeshuka karibu nyuzi 24 chini ya sifuri. Friji itaonekana inaganda vizuri karibu na mlango wa gesi na kubaki vuguvugu mwishoni mwa koili, na atailaumu kompresa, ile pampu inayobana gesi.

Kosa la aina hiyo huwa kubwa zaidi kwenye hesabu za uwiano. Uwiano wa mbano wa kompresa ni presha kamili ya juu kugawanya presha kamili ya chini. Kwa friza hiyo, kondensa ikiwa nyuzi 50, ni 13.2 kwa 1.33, yaani kama 10. Ukigawanya namba za geji, 12.2 kwa 0.31, unapata karibu 39, na hakuna kompresa ya aina hii inayofanya kazi hiyo. Halijoto nayo ni vivyo hivyo: popote penye kuzidisha au kugawanya, tumia kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ujumlishe 273.

Friji mpya za R600a zimeongeza jambo jingine. Gesi hiyo huchemka nyuzi 11.7 chini ya sifuri kwa presha ya hewa, kwa hiyo kwenye evaporeta ya nyuzi 25 chini ya sifuri presha kamili ni baa 0.58 tu. Upande wa chini uko chini ya presha ya hewa. Tundu likitokea huko mashine ikiwa inazunguka, gesi haitoki. Hewa na unyevu ndivyo vinavyoingia. Kutafuta tundu kwa povu la sabuni wakati kompresa inafanya kazi ni kazi bure, na tena unaweza kulivuta povu ndani. Isitoshe gesi hiyo inawaka. Haichomelewi bomba lake kabla haijatolewa nje kwenye hewa ya wazi na mfumo kusafishwa kwa naitrojeni.

Kabla ya kwenda mbele, maneno matatu ya msingi. Mfumo ni kile ulichoamua kukihesabu, mpaka ni mstari unaokizunguka, na mazingira ni kila kilichobaki nje. Uamuzi ni wako, lakini ukishachora mpaka usiusogeze katikati ya hesabu. Ukiizungushia mpaka gesi yote iliyomo ndani ya friji, ni mfumo funge: gramu 120 zilizowekwa kiwandani ndizo zilezile leo. Ukiizungushia kompresa peke yake, ni mfumo wazi: gesi inaingia huku na kutoka kule, na unachohesabu ni gramu kwa sekunde. Sifa za gesi mahali fulani, kama presha, halijoto, ujazo kwa kilo na enthalpi (nishati ambayo gesi hubeba inapotiririka), kwa pamoja ndizo hali yake. Hali haikumbuki njia iliyopitiwa. Joto na kazi ni kinyume chake: havikai ndani ya kitu, vinahesabika vinapovuka mpaka tu. Kusema friza "ina joto jingi ndani" ni lugha ya kawaida, lakini kwenye hesabu iliyomo ni nishati ya ndani. Joto ni kile kinachopenya ukutani na mlangoni.

Kuchanganya joto na halijoto ndiko kunakowaangusha wanaopanga uwezo wa mashine. Lita moja ya maji ya nyuzi 28 kwenye birika la kilowati 2 huchukua kama dakika 2 na nusu kufika nyuzi 100, ambazo ni kilojuli 302 hivi. Kuyakausha yote baada ya hapo kunataka kilojuli 2,257, karibu dakika 19, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Hilo ndilo joto fiche. Upande wa barafu ni hivyohivyo. Mwenye biashara ya barafu ya samaki anayetaka tani moja kwa siku aanze na kilo moja: kushusha maji kutoka 28 hadi 0 ni kilojuli 117, kuyagandisha ni 334, kuishusha barafu hadi nyuzi 5 chini ya sifuri ni kama 10.5. Jumla karibu 462. Kwa tani moja ndani ya saa 24 ni kilowati 5.35, na kama mashine itapumzika saa 6 kwa siku, basi kilowati 7.1, kabla ya kuhesabu kuta, mlango na watu wanaoingia. Anayehesabu "nyuzi 33 tu za kushusha" na kusahau zile 334 atanunua mashine ndogo mara tatu na zaidi kuliko inayohitajika.

Kipimo cha tani ya baridi kinachoandikwa kwenye mashine kubwa kilitokana na barafu hiyohiyo: ni kiwango cha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani, kilo 907, kwa siku. Ni BTU 12,000 kwa saa, au kilowati 3.52. Madukani AC ya BTU 12,000 huitwa ya hospawa moja na nusu, na hapo mteja hupotea. Hospawa ni kipimo cha kazi, na 1.5 ni kilowati 1.12. BTU 12,000 ni joto linalotolewa chumbani. Moja haigeuki kuwa nyingine, na AC mbili zenye BTU sawa zinaweza kula umeme tofauti kabisa. Soma namba mbili kwenye kibandiko, ya baridi na ya umeme, ugawanye ya kwanza kwa ya pili. Hilo ndilo swali la maana dukani; hospawa waachie wauza pampu.

Sheria ya kwanza inasema nishati inayovuka mpaka lazima ihesabike yote. AC inayotoa kilowati 3.5 chumbani na kula umeme wa kilowati 1.1 itatupa nje kilowati 4.6. Anayeifunga kondensa ndani ya korido iliyozibwa, au kwenye kibaraza chenye AC nyingine tano zinazopumuliana, amefungulia jiko la kilowati 4.6 mahali pasipo na njia ya joto kutoka. Ndiyo sababu pia friji iliyoachwa mlango wazi haipozi jikoni hata kidogo. Chora mpaka kwenye kuta za jikoni: kinachovuka ni umeme unaoingia tu, basi jikoni litapata joto.

Tuufuate mzunguko mzima kwa namba, tukitumia friza ya R134a yenye evaporeta ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kondensa ya nyuzi 40. Kwenye halijoto hiyo ya chini, kilo moja ya majimaji ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 213. Lakini majimaji yanayofika pale yametoka kondensa yakiwa ya nyuzi 40. Yanapopita kwenye bomba jembamba la kapilari presha inashuka ghafla, na sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo ili kujipoza yenyewe. Kapilari haipokei kazi wala haitoi joto la maana, hivyo enthalpi ya kuingia ni sawa na ya kutoka. Hesabu ikifuatwa, asilimia 39 ya gesi inafika evaporeta ikiwa imekwisha kuwa mvuke, na kilichobaki kinanyonya kilojuli 130 tu badala ya 213. Kondensa ikichafuka na kupanda hadi nyuzi 50, mvuke wa bure unafika asilimia 46 na kilo moja inabeba kilojuli 115. Vumbi na manyoya nyuma ya friji yanapunguza baridi kwa kila gramu, huku yakiongeza kazi ya kompresa. Hasara ni mbili kwa mpigo, na brashi ya kupakia rangi inatosha kuiondoa.

Friza hiyo ikihitaji wati 150 za baridi, gramu 1.15 tu ndizo zinazopita kila sekunde. Kama gesi yote ni gramu 120, inamaliza mzunguko kwa chini ya dakika 2. Namba hii inaonyesha kwa nini kukosea gramu 20 kwenye friji ndogo ni jambo zito, ilhali kwenye chumba cha baridi chenye tangi la kupokelea majimaji hakuna atakayeligundua.

Sheria ya pili ndiyo inayoweka bei. Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa, aliandika mwaka 1824, kuhusu injini za mvuke, kwamba kikomo cha mashine ya joto hutegemea halijoto mbili tu, ya moto na ya baridi. Ukigeuza mashine hiyo kuwa ya kupozea, uwiano wa baridi kwa kazi hauwezi kuzidi halijoto ya chini katika kelvini kugawanya tofauti ya hizo mbili. Kwa friza yetu ni 253 kwa 60, yaani 4.2. Mzunguko wa R134a wenyewe, kompresa ikiwa haina hasara yoyote, unafika kama 3.1, na friji halisi yenye kompresa ndogo hupata karibu nusu ya hapo. Mtengenezaji anaweza kupigania pengo hilo la mwisho. Fundi na mwenye nyumba wanashika kitu kingine: ile tofauti ya halijoto. Kondensa ikiwekwa kivulini, ukutani upande usiopigwa na jua la mchana, ikiachiwa nafasi ya mkono nyuma na ya mita moja mbele, tofauti hiyo inapungua kila saa ya maisha ya mashine. Kila nyuzi moja inayoongezwa na jua inalipiwa kwenye luku.

Presha inayopotea kwenye kapilari hairudi bila kulipia kazi ya kompresa tena, ingawa hakuna hata juli moja iliyopotea pale. Uwezo huo wa kufanya kazi unaopotea hupimwa kwa kile ambacho Clausius, mwanafizikia Mjerumani, alikipa jina la entropi mwaka 1865. Fundi hahitaji kuihesabu, ila aitambue inapoongezeka: popote penye presha inayodondoka bila kufanya kazi, kama filta iliyoziba, bomba lililokunjwa, au koili iliyobanwa, umeme unaliwa bure.

Sasa zile njia mbili nilizozitaja za kukisia kiasi cha gesi. Mvuke ukishamaliza majimaji yote kwenye evaporeta na kuendelea kupashwa, hauko tena kwenye hali ya kushiba. Halijoto yake inaachana na presha. Tofauti hiyo ndiyo joto la ziada. Upande wa kondensa, majimaji yaliyopoa zaidi ya halijoto ya kugeukia yana ubaridi wa ziada. Hizi mbili ndizo zinazosema gesi imekaa wapi ndani ya mashine.

Kupima joto la ziada, iache mashine izunguke dakika 15 hadi 20 itulie. Usisome geji ya mashine iliyowashwa sasa hivi, kwa sababu majedwali yote yanadhani hali imetulia. Safisha sehemu ya bomba kubwa linalorudi kwenye kompresa, funga kipimajoto cha kubana, kisha kizungushie sponji ili hewa ya nje isikidanganye. Soma presha ya chini, ibadilishe kuwa halijoto kwa jedwali la gesi hiyohiyo, utoe. Kwa R410A, gesi ya AC nyingi za ukutani, geji ikisoma baa 8.35, au paundi 121 kwa inchi ya mraba, gesi inachemka nyuzi 5. Bomba likiwa nyuzi 12, joto la ziada ni nyuzi 7, na hapo mashine ina afya. Joto la ziada likiwa 0 au 1, majimaji yanarudi kwenye kompresa. Yanasafisha mafuta kwenye beringi na kuvunja valvu, maana majimaji hayabaniki. Likiwa 20, evaporeta ina njaa.

Njaa hiyo ina sababu mbili ambazo geji ya chini peke yake haizitofautishi. Gesi imepungua, au kuna kizuizi njiani. Zote mbili zinashusha presha ya chini, na zote mbili humfanya fundi wa kubahatisha aongeze gesi. Ubaridi wa ziada ndio unaoamua: gesi ikipungua, ubaridi wa ziada unakaribia sifuri kwa sababu kondensa haina majimaji ya kutosha, kukiwa na kizuizi, majimaji yamejazana nyuma yake na ubaridi wa ziada uko sawa au umezidi. Ongeza gesi kwenye mashine yenye filta iliyoziba, na siku filta itakapofunguka kidogo kompresa itameza majimaji. Kuna na jamaa wa tatu: presha ya chini imeshuka lakini joto la ziada nalo ni dogo. Huyo hana tatizo la gesi hata kidogo. Evaporeta haipati hewa. Ukaosha filta ya plastiki na feni, ukatoka.

Tahadhari moja kwa wafunga split, yaani AC zenye kitengo cha ndani na cha nje. AC nyingi ndogo za ukutani zina tundu moja tu la huduma, upande wa bomba kubwa, na kapilari au valvu ya upanuzi imo kwenye kitengo cha nje. Bomba dogo linaloingia ndani halibebi majimaji ya presha kubwa bali mchanganyiko uliokwisha kushuka presha. Kupima ubaridi wa ziada kwenye bomba hilo hakuna maana. Kwa mashine kama hizo gesi inawekwa kwa mizani: kiasi cha kwenye kibandiko, pamoja na nyongeza kwa kila mita inayozidi urefu uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi kama gramu 20 kwa bomba dogo la robo inchi. R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125 nusu kwa nusu kwa uzito, kwa hiyo itolewe kama majimaji, mtungi ukiwa umepinduliwa, kidogo kidogo. Na namba za R22 zisahauliwe: kwa nyuzi 5 hivi R22 ilisoma karibu paundi 70. Anayeshusha R410A hadi 70 ili "iwe kama kawaida" ataigandisha evaporeta mpaka iwe tofali la barafu.

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, sehemu kubwa ya kazi ya AC haionekani kwenye kipimajoto cha chumba. Ni maji yanayotoka kwenye hewa. Kila lita moja kwa saa inayodondoka kwenye bomba la maji ni kama kilowati 0.68 ya joto fiche, karibu moja ya tano ya uwezo wa AC ya BTU 12,000. Hewa hukauka pale tu koili inapokuwa na baridi ya kutosha kwa muda wa kutosha. Mtu akifunga AC ya 24,000 kwenye chumba cha 12,000 kwa kudhani kubwa ni bora, itashusha halijoto kwa dakika chache, ijizime, na unyevu ubaki palepale. Chumba kinakuwa cha baridi na cha kunata, nguo kabatini zinapata ukungu, mwenye nyumba anashusha rimoti hadi 16. Dawa yake ni AC ndogo inayozunguka muda mrefu, au ya inveta inayoweza kupunguza mwendo.

Maji hayohayo yakiingia ndani ya mabomba ni balaa jingine. Kwenye nyuzi 28 maji huchemka kwa kilopaskali 3.8, kwa hiyo pampu ya vakyumu haiyavuti yakiwa maji, huyachemsha. Geji ya kawaida haiwezi kutofautisha kilopaskali 3.8 na sifuri. Sindano inalala mwisho na fundi anaridhika baada ya dakika tano. Inatakiwa geji ya mikroni ifike 500 au chini, ambazo ni kama paskali 67. Kisha funga valvu ya pampu usubiri dakika 10 hadi 15. Ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna unyevu. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Pampu kubwa ikivuta kwa kasi mno, maji yaliyolala kwenye kona hushuka chini ya paskali 611 na kuganda, na barafu hukauka polepole sana. Vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, uvute upya. Unyevu uliobaki hukutana na mafuta ya sintetiki na kufanya tindikali, au huganda kwenye mdomo wa kapilari: friji inapoa, inaacha, ukiizima nusu saa inapoa tena. Ukiona mtindo huo usitafute tundu la gesi, tafuta maji.

Hewa iliyobaki ndani hugunduliwa kwa jedwali lilelile. Zima mashine, acha kondensa ifanane na halijoto ya nje, kisha soma. R134a kwa nyuzi 30 inapaswa kuwa na baa 7.7 kamili, au 6.7 kwenye geji ya pwani. Ikisoma 8, kuna kitu humo kisichogeuka majimaji, na presha yake imejumlishwa juu ya ile ya gesi. Hakitoki kwa kuongeza wala kupunguza. Mfumo unafunguliwa, unavutwa, unajazwa upya kwa mizani. Fanya jaribio hilohilo kwa mtungi mpya wa gesi uliokaa kivulini usiku kucha, kabla haujaufungua kazini. Mtungi ulioandikwa R134a usiolingana na jedwali una kitu kingine ndani yake.

Naitrojeni ya kupimia tundu ndiyo pekee katika kazi hii inayotii mlinganyo wa gesi wa shuleni, kwa kuwa iko mbali sana na hali ya kushiba. Presha yake kamili hupanda na kushuka pamoja na kelvini. (Isitumike oksijeni mahali pake kwa hali yoyote, oksijeni na mafuta ya kompresa hulipuka.) Ukiijaza hadi geji isome baa 30 saa nane mchana, mabomba yakiwa nyuzi 35, ukarudi saa kumi na mbili asubuhi mabomba yakiwa nyuzi 24, chukua 31, zidisha kwa 297, gawanya kwa 308, utoe 1 ya hewa. Geji itasoma 28.9 bila tundu lolote. Ikisoma 28 au chini ya hapo, chukua sabuni na uanzie kwenye nati za flea, zile zinazounganisha mabomba.